Malkia wa Sayari ya Vumbi

Mwalimu Mwandawiro alifika Jumatatu saa nne asubuhi, amevaa koti licha ya jua la Voi, na kwapani amebana kitu alichokifunga kwa gazeti. Katunge alikuwa uani, mikono imezama kwenye karai, akifua mashuka ya gesti. Yeye na binti yake Koki walikuwa wamerudi kutoka mazishi ya mumewe Ijumaa iliyopita, lakini mashuka ya wageni hayakujua habari za matanga.

Mwalimu alimpa pole, akakataa kiti, kisha akakubali. Alikuwa mzee wa Mbololo aliyestaafu kufundisha, mtu wa maneno machache na viatu vinavyong'aa. Katunge alimfahamu kama mmoja wa watu waliokuwa wakiazima vitabu kwenye kibanda cha marehemu mumewe, Mulinge, basi. Mzee alifungua gazeti polepole, akatoa kitabu cha katuni chenye jalada la kadibodi. Akasema amekuja kurudisha cha kumi na moja. Kisha akasema kwamba, kama si kumsumbua, angeomba cha kumi na mbili, kwa sababu ndicho cha mwisho, na yeye umri wake si wa kuweka mambo kiporo.

"Hakuna tena, Mwalimu," Katunge akasema. "Vyote nilimpa Nduku wa njugu. Jumamosi."

Mwalimu alikitazama kitabu magotini mwake, akakigeuza upande wa pili, akakigeuza tena.

"Vyote?"

"Katoni nne. Alikuja kunipa pole, akalalamika hana karatasi za kufungia. Na mimi nilitaka nyumba ipumue."

Hakumwambia yote. Hakumwambia kwamba Everlyne, mwenyekiti wa kina mama wa kanisani, aliingia nyumbani siku ileile waliyorudi, akaziona picha za viumbe wenye jicho moja na za mwanamke mwenye ngozi ya samawati, akasema kwa upole kabisa kwamba mchungaji anakuja Alhamisi kuiombea nyumba, na si vizuri akute vitu vya namna hiyo hata kabla udongo wa kaburi haujakauka. Katunge hakuwa na nguvu ya kubishana, na kwa kweli hakuwa na sababu. Kwake, katuni zilikuwa karatasi tu, tena karatasi zilizomnyang'anya mume kila jioni.

"Mama Koki," Mwalimu akasema, "unajua mzee alikuwa anafanya nini na hivi vitabu?"

"Alikuwa akitafsiri."

"Kutoka lugha gani?"

Hapo Katunge aliacha kufua, na Mwalimu akamweleza kama anavyoeleza mtu ambaye amelibeba jambo muda mrefu akitafuta wa kumwambia. Vitabu vile vilitoka kambi za watalii huko mbugani. Wageni waliviacha vyumbani, wahudumu wakaviokota, wakamletea Mulinge kibandani kwake karibu na stesheni ya zamani. Karibu vyote vilikuwa vya Kijerumani au Kitaliano: hadithi za watu wa anga za juu, za mazimwi, za wafu waliokataa kulala. Mulinge, aliyeachia shule kidato cha pili, hakujua hata neno moja la lugha hizo. Alizitazama picha. Alizitazama siku mbili, siku tatu, kisha akakata vipande vidogo vya karatasi nyeupe kwa wembe, akavibandika kwa gundi ya unga wa ngano juu ya kila kiputo cha maneno, na juu yake akaandika kwa kalamu nyeusi yale aliyoona watu wale walipaswa kuwa wanasema. Ukurasa uliopotea aliuandika mwenyewe kwenye karatasi ya daftari, bila picha, akaushona mahali pake kwa uzi.

"Mimi nilikwenda kumkosoa," Mwalimu alisema. "Nina binamu aliyewapikia Waitaliano Malindi miaka kumi na tisa. Nilimpelekea kitabu kimoja. Kuna mahali msafiri wa chuma anafukuzwa na zimwi, na Kitaliano kinasema, 'Kimbia.' Neno moja, Mama Koki. Mumeo ameandika, 'Nimechoka kukimbia kitu ambacho sijawahi kukitazama usoni.' Binamu yangu alisoma mara mbili, akanirudishia kitabu, akasema yule Mtaliano angemlipa Mulinge."

Akafungua cha kumi na moja na kumwekea Katunge mbele ya macho, kwa kuwa mikono yake ilikuwa na povu. Palikuwa na tambarare nyekundu isiyo na mti. Msafiri wa chuma alikuwa amepiga goti, ameshika sanduku lililojaa mwanga. Mbele yake alisimama yule mwanamke wa samawati, ambaye Mulinge alimwita Malkia wa Sayari ya Vumbi. Malkia alikuwa akisema: "Usiniletee nyota. Niletee maji."

Katunge alisoma. Akafuta mikono kwenye leso, akasoma tena.

Ulikuwa mwaka ambao mifereji ilikauka wiki tano mfululizo. Mulinge alirudi nyumbani akisimulia nyota fulani aliyoonyeshwa, na yeye Katunge, amesimama mlangoni na mtungi mtupu wa lita ishirini, alimwambia maneno hayo, yote manne kama yalivyo.

"Haya ni maneno yangu," akasema.

"Ndiyo," Mwalimu akajibu. "Sisi tulidhani unajua."

Katunge aliyaacha mashuka ndani ya maji.

*

Meza ya Nduku ilikuwa upande wa kutokea stendi, chini ya mwavuli uliopauka. Alipomwona Katunge aliinuka na kumkumbatia, akidhani amekuja kukaa kidogo na watu ili majonzi yapungue. Aliposikia alichofuata, alikaa tena.

"Mama Koki, kitu umenipa kwa mikono miwili. Sasa unakuja kukichukua na mkono gani?"

Wanawake wa meza za jirani walicheka. Katunge alihisi uso ukimuwaka. Akasema alikosea, hakujua alichokuwa akitoa. Akarudia kwamba alikosea, kwa sauti ya chini zaidi, na Nduku akaona kwamba hili si jambo la utani.

Katoni tatu zilikuwa chini ya meza, hazijaguswa, na hizo Nduku alizisukuma nje kwa mguu. Lakini ile ya kwanza alikuwa ameifungua Jumamosi. Jumamosi ni siku ya soko, Jumapili watu wanatoka kanisani, na tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku muuza njugu hawezi kuishi bila karatasi. Katunge akauliza kama katoni hiyo ndiyo iliyokuwa na vitabu vya majalada ya kadibodi. Nduku akasema ndiyo hiyo, na kwamba karatasi yake ilikuwa nzuri sana, haipasuki hata njugu zikiwa moto.

Vitabu kumi na moja vya malkia vilikuwa vimekwenda mjini, ukurasa mmojammoja, vimesokotwa kama pembe. Vilivyobaki vilikuwa pale mezani kwenye beseni, vifurushi kama sitini hivi, vimesimama wima, vimejaa njugu.

Katunge akavuta kigoda, akachukua cha kwanza, akakimimina kwenye sufuria na kuanza kuinyoosha karatasi juu ya paja.

"Hiyo biashara yangu unaimwaga," Nduku akasema.

"Nitazinunua."

"Utakula njugu zote hizo?"

"Nitazinunua, Nduku."

Kijana mmoja wa bodaboda alikuwa ameegemea pikipiki yake, anatafuna. Aliuliza kwa sauti ya kusikika na stendi nzima kama njugu za huyu mama zina mkataba, mbona anazisoma kabla ya kuzila. Watu wakacheka tena. Nduku akamwambia anyamaze, huyu ni mtu wa matanga, mke wa Mulinge wa katuni.

Kijana aliacha kutafuna. Aliingiza mkono mfuko wa shati, akatoa kifurushi chake mwenyewe kilichobaki nusu, akamimina njugu kiganjani, akaja kumpa Katunge karatasi kwa mikono yote miwili. Kisha akawasha pikipiki, akasema yuko mwenzake pale kwa pancha aliyenunua asubuhi, akaondoka kumtafuta.

Katunge aliendelea kufungua, na kila alipofungua alisoma. Msafiri anaomba aongezewe muda, na malkia anamwuliza: "Kesho yako ina siku ngapi?" Msafiri anauliza kama amemkasirisha. "Sijakasirika. Nimenyamaza tu. Nikikasirika hutauliza." Yote aliyasema yeye. Aliyasema jikoni, akiwa kwenye foleni ya maji, akiwa kitandani amegeukia ukuta. Miaka kumi na mmoja yule mtu alikaa mezani kwake, akala chakula chake, akaitikia kwa kichwa, kisha akaenda kibandani na kumwandika, na mji mzima ukaazima kitabu na kusoma.

Akasimama. Njugu zilizokuwa mapajani zikamwagika.

"Alikuwa ananianika," akasema. "Ugomvi wa nyumba yangu, mpaka makanga wanaujua."

"Kaa chini," Nduku akasema.

"Chukua hizi karatasi. Fungia njugu zako."

"Kaa chini, mwenzangu. Hujaniuliza mimi niko wapi mle ndani."

Katunge hakukaa, lakini hakuondoka. Nduku akamwambia kwamba yeye kusoma kwake ni kwa kukokota, kwa hiyo mchana wateja wakipungua Mulinge alikuwa akija na kigoda na kumsomea, naye akimpa njugu. Katika kitabu cha tatu alitokea mfanyabiashara mwenye vichwa vitatu.

"Kichwa kimoja kinauza, kimoja kinasengenya, kimoja kinasali. Nikamwambia, Mulinge, nakupeleka kwa chifu. Kesho yake nikamuuliza, leo vichwa vyangu vimesema nini?" Nduku alitikisa kichwa. "Mimi tangu nizaliwe hakuna mtu amewahi kuniangalia vizuri hivyo mpaka akaona viko vitatu."

"Na malkia? Mlimcheka?"

"Malkia nani atamcheka? Malkia tulikuwa tunamngojea. Kurasa tano zikipita hajatokea, watu wanalalamika. Yule msafiri ametembea sayari ngapi, ameona mazimwi, ameona wafu wakitembea, lakini kila kitabu kikiisha, anarudi kwa huyo mama mkali kumsimulia. Wewe ulidhani mtu anarudi kwa nini?"

Katunge akakaa. Akachukua kifurushi kingine.

Nduku hakuweza kuuza bila karatasi, kwa hiyo Katunge alimpigia Koki, binti yake, aliyekuwa akifanya kazi saluni karibu na hapo. Koki alikuja na mkoba uliojaa madaftari yake ya sekondari, Kemia na Historia, akayaweka mezani akisema kwamba hatimaye yamepata mtu wa kuyafungua. Alipoambiwa habari yote, alimtazama mama yake kwa mshangao.

"Mami, mimi nazisoma tangu nikiwa darasa la sita. Nilidhani nyinyi wawili mnajuana."

Alichuchumaa, akaokota karatasi yenye mauti aliyekaa kwenye kiti cha kinyozi. Siku hizi yeye hutazama filamu za kutisha kwenye simu, kila usiku sehemu moja, na Katunge humsikia akishtuka chini ya blanketi.

"Mazimwi ya simu yanakuja mbio na kelele," Koki alisema. "Ya baba yalikuwa yanabisha hodi kwanza. Yanakaa. Yanauliza habari za watoto. Hayo ndiyo yalikuwa yananinyima usingizi."

Wakafungua vifurushi vyote pamoja, mama na binti na mwenye mali, mpaka beseni likabaki tupu na sufuria ikajaa. Walikuwa wamepata kurasa hamsini na nane. Za kitabu cha kumi na mbili zilikuwa tano tu.

*

Koki ndiye aliyejua la kufanya na mafuta ya njugu. Walizipaka kurasa unga wa mahindi, wakaziacha usiku kucha unga unywe mafuta, asubuhi wakazikung'uta na kuzipitishia pasi ya makaa iliyopoapoa, huku zimefunikwa kwa kitambaa chenye unyevu. Mvuke ulilegeza vipande vingine vya Mulinge vikabanduka, vikabandikwa tena kwa gundi ya unga kama alivyokuwa akipika mwenyewe, laini na yenye chumvi kidogo ili mende wasiile. Kisha kurasa zilianikwa kwenye kamba za uani kwa vibanio vya nguo, mahali pa mashuka ya gesti.

Nyingine zilianza kuja zenyewe. Kijana wa bodaboda alileta nne. Mwalimu alishinda siku nzima akizunguka maduka na koti lake, akileta karatasi kwa wasiwasi wa mtu anayesahihisha mtihani wa taifa. Muuguzi mmoja alileta mbili ambazo alikuwa amezihifadhi makusudi, kwa kuwa aliutambua mwandiko mara tu alipomaliza njugu, na hakuelewa ni nani amepatwa na wazimu wa kuirarua hadithi ile. Katunge alimwambia ni yeye. Muuguzi akaona aibu, akabakia kunywa chai.

Everlyne alikuja Jumatano jioni kupanga maombi ya kesho yake. Alisimama katikati ya uani, na picha zikamzunguka pande zote: jiji linaloelea juu ya mawingu, maiti aliyevaa tai, samaki mwenye mikono, malkia. Alikuwa mwanamke wa milimani, mrefu, asiyepandisha sauti.

"Dada, tulikubaliana," akasema.

Katunge akasema ni kweli walikubaliana, na kwamba yeye ndiye aliyevunja makubaliano, na mchungaji akichukia basi ataomba akiwa nje ya geti, Mungu atasikia kutoka hapo pia. Alisema hayo akiendelea kubana karatasi kwenye kamba. Hawa ndio kina mama waliopika kwenye matanga, waliolala sakafuni kwake siku tisa.

Everlyne aliikaribia kamba na kuanza kusoma, mkoba umening'inia mkononi, kutoka karatasi ya kwanza hadi ya mwisho wa mstari, kisha akainama kupita chini ya kamba na kuanza mstari wa pili. Mwanga wa jioni ulikuwa ukipungua. Koki alimletea kiti, akakataa kwa ishara. Alifika kwenye ukurasa ambapo malkia anaiombea sayari yake mvua, na anaomba kama mtu anayedai kilicho chake: "Umetuona. Usijifanye hujatuona." Hapo alikaa sana. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa.

Kisha akafanya jambo ambalo Katunge hakulitarajia. Alikishika kipande kimoja kwa ncha ya kidole, kipande kidogo kuliko stempu, akaufuata ukingo wake uliokatwa kwa wembe na kukunjwa pembeni kidogo ili kiputo kisionekane kimeshonewa kiraka.

"Huyu malkia ana vipande vingapi?" akauliza.

Katunge akasema hawajahesabu. Labda elfu mbili.

"Siwezi kusema hiki kitu ni cha Mungu," Everlyne akasema. "Lakini si cha shetani. Shetani hana subira ya kukata karatasi ndogo namna hii."

Mchungaji alikuja Alhamisi, akainamisha kichwa kupita chini ya malkia, akaomba.

*

Ijumaa mchana kitabu cha kumi na mbili kilikuwa kimekamilika, ila ukurasa mmoja, wa mwisho. Walikuwa wamekusanyika kibandani kwa Mulinge, ambako Katunge alikuwa amefungua dirisha la mbao kwa mara ya kwanza. Mwalimu alikuwapo, na Nduku, na kijana wa bodaboda, na Koki aliyeiba saa moja kazini. Kulikuwa na joto, na kutoka duka la video la jirani ilisikika filamu ya vita vya angani, mtu akiisimulia juu kwa juu kwa kasi ya mnada. Mulinge hakuwahi kumchukia yule msimulizi, Nduku alisema; alikuwa akisema tu kwamba watu wa anga wamesafiri mbali sana, waachwe wapumue kabla ya kuongea.

Nduku alikuwa amekumbuka ulikoenda ule ukurasa. Jumapili alimuuzia Sylus, utingo wa lori la maharagwe, aliyekuwa akielekea Njukini. Walipompigia, Sylus alisema karatasi anayo, aliibandika kwenye dashibodi kwa sababu ya ile picha, lakini haina maneno. Mwalimu alimwambia aache mchezo. Sylus akaapa. Kwa hiyo walikuwa wakimngoja, kila mmoja akijiambia kwamba utingo hajui kutazama.

Sylus aliingia na vumbi lake, mtu mwembamba wa makamo, akamwamkia Katunge, "Mwaitu," kama Mkamba anavyomwita mama yake. Akaifungua karatasi juu ya meza.

Picha ilijaza ukurasa mzima. Juu, chombo cha msafiri kilikuwa kimeshakuwa nukta. Chini, mbele ya mlango wa jumba lake, alisimama malkia peke yake, ametazama juu, mdomo wazi kidogo. Juu ya kichwa chake kulikuwa na kiputo kimoja kikubwa. Mulinge alikuwa amekibandika karatasi nyeupe, ameikata vizuri, ameipigia mistari kwa penseli. Hakuwa ameandika kitu.

Koki alisema labda ndiyo sentensi aliyokuwa akiiwaza siku zile za mwisho. Nduku akasema hapana, hadithi haiwezi kuisha hivyo, malkia hajawahi kukosa la kusema. Kijana wa bodaboda akapendekeza aseme, "Utarudi," na Sylus akaunga mkono, akasema yeye huko njiani alikuwa anamsomea moyoni hivyohivyo. Mwalimu akakohoa. Kwa unyenyekevu mwingi akatoa kalamu yake nyeusi kwenye mfuko wa koti, akasema kwamba, kama Mama Koki ataruhusu, angeweza kujaribu kuandika jambo linalofaa, sentensi mbili za Kiswahili kizuri, kwa heshima ya marehemu.

"Hapana, Mwalimu," Katunge akasema. "Nipe kalamu."

Alikaa kwenye kiti cha Mulinge. Kilikuwa kifupi, meza ikamfika kifuani, na akaona jinsi mtu akikaa pale anavyoiona barabara nzima, kila anayepita na mtungi, kila anayegombana. Akaushika ukurasa kwa mkono wa kushoto.

Hakuna aliyejua habari za ile asubuhi. Watu walijua kwamba Mulinge alianguka akifungua dirisha hili la mbao, saa kumi na mbili na nusu, na kwamba hakuamka. Hawakujua kwamba kwa siku mbili alikuwa hajasemeshwa na mkewe. Alikuwa amekwenda mpaka kambini kwa miguu kufuata vitabu, siku ambayo maji yalitoka, na mapipa yakabaki makavu. Asubuhi ile alivaa gizani ili asimsumbue. Alisimama mlangoni muda mrefu kuliko kawaida. Akasema, "Haya, naenda," akangoja. Katunge alikuwa amegeukia ukuta, akahema polepole kama mtu aliyelala, mpaka mlango ukafungwa.

Aliandika bila kufuta. Mwandiko wake ulikuwa mkubwa kuliko wa Mulinge na haukukaa vizuri kwenye mistari ya penseli. Alipomaliza alimsogezea Mwalimu, kwa sababu Nduku alikuwa amekwisha kuuliza limesema nini, na Mwalimu akasoma kwa sauti.

"Sikuwa nimelala. Nilikusikia."

Kule jirani yule mtu aliendelea kuvisimulia vita vyake. Koki alikuwa ameweka mkono begani kwa mama yake, na mkono ule ulikuwa mzito. Mwalimu, aliyesahihisha insha za watu miaka thelathini na minne, aliifunika kalamu na kuirudisha mfukoni.

Ni Sylus aliyeuliza. Aliuliza kwa sauti ndogo, akiwa bado ameinamia picha.

"Na yule msafiri akamjibu nini?"

Katunge alitazama ile nukta juu ya ukurasa. Haikuwa na kiputo.

"Ameshaenda," akasema, akaanza kupulizia wino ukauke.